Kiini si Kiinimacho

Kati ya mwaka 1994 na 1997, ndege ndogo zilipita mara kwa mara juu ya misitu na mashamba ya Unguja zikimwaga mbung'o. Asiyejua angedhani ni hujuma, maana mbung'o ndiye aliyekuwa akiwaambukiza ng'ombe wa kisiwa hicho nagana, maradhi yanayomkondesha mnyama mpaka akaanguka. Lakini mbung'o wale walikuwa madume waliofugwa Tanga, wakilishwa damu ya ng'ombe waliyoinyonya kupitia utando wa silikoni, na kabla ya kupelekwa kisiwani walipigwa mionzi. Dume aliyepigwa mionzi aliruka na kutafuta jike kama kawaida. Mbegu zake zilifika na kurutubisha yai, ila kiinitete kilikufa kabla ya kukua. Kwa kuwa jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, na huzaa buu mmoja mmoja, jike aliyepandwa na dume wa aina hiyo alikuwa amekwisha. Idadi ya mbung'o ilikuwa imepunguzwa kwanza kwa dawa na mitego, kisha madume zaidi ya milioni 8 wakaachiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa imeondokana naye.

Kilichotokea ndani ya mwili wa mdudu yule ni kukutana kwa viini viwili. Mionzi ilitoka katika kiini cha atomu, ikaingia katika kiini cha seli, ikakata maandishi ya urithi yaliyomo. Tukio hilo hilo, kiini kimoja kukigusa kingine, ndilo lililowaua baadhi ya watu wa Hiroshima, ndilo linalotibu saratani ya shingo ya kizazi pale Dar es Salaam, na ndilo litakaloamua kama mgodi wa urani utamdhuru jirani yake au la. Hata hivyo, sisi hulijadili kwa neno moja tu, nyuklia, na neno hilo likitamkwa mjadala hugawanyika papo hapo: huku hofu, kule tamaa ya umeme na fedha. Ninachodai ni kwamba maarifa ya msingi kuhusu kiini ni haki ya kila raia, kwamba yanaweza na yanapaswa kutolewa kwa Kiswahili, na kwamba hakuna serikali ya Afrika Mashariki inayostahili kutia saini mradi wowote wa aina hii kabla ya kuyatoa.

Neno kiini tunalijua tangu utotoni. Tuna kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha habari. Kila mahali ni kile cha ndani kinachobeba uzito wa kitu. Wanasayansi wa Ulaya nao walianzia nyumbani. Mwaka 1831 Robert Brown wa Uskochi, akichunguza mimea ya okidi, aliona doa la mviringo ndani ya seli moja baada ya nyingine, akaliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mbegu iliyomo ndani ya kokwa. Miaka 80 baadaye, mjini Manchester, Ernest Rutherford alitafakari majibu ya wenzake waliorusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu na kukuta chache mno zikirudi nyuma. Akahitimisha kwamba karibu uzito wote wa atomu umejikusanya mahali padogo katikati, na mahali hapo pakapewa jina lile lile. Kwa hiyo neno ni moja, ila vitu ni viwili vilivyo mbali kabisa. Kiini cha seli ya binadamu kimehifadhi DNA ambayo ukiinyoosha hufikia mita 2 hivi, kimo cha mlango, ikiwa imekunjwa katika nafasi isiyoonekana bila hadubini. Kiini cha atomu hakina maandishi yoyote, kina kani tu. Wala kisifikiriwe kama kiini cha yai, kinachojaza sehemu kubwa ya ganda. Atomu ingekuzwa ikawa na upana wa mita 200, kiini chake kingekuwa cha milimita 2, punje ya ulezi katikati ya uwanja, na punje hiyo ingebeba zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wa uwanja mzima.

Viini vingi vya atomu vimetulia milele. Vichache havijatulia, kwa sababu protoni na nyutroni zake haziko katika uwiano unaodumu, navyo hujirekebisha kwa kutupa nje chembe au mionzi. Hiyo ndiyo siri yote. Mionzi ikipita mwilini hung'oa elektroni njiani na kuvunja molekuli za maji, na vipande vyake hukata nyuzi za DNA. Seli ina mafundi wake, hukarabati mikato kila siku. Mikato ikizidi uwezo wa mafundi, seli hufa. Ikikarabatiwa vibaya, seli huishi na kosa ambalo baada ya miaka linaweza kuwa saratani. Basi mtu anayetaka kujua kama jambo fulani la nyuklia ni la heri au la shari anahitaji maswali machache tu. Mionzi ni ya aina gani na ya kiasi gani? Inaingia wapi, kwa muda gani? Nani anailinda? Chembe za alfa huzuiwa na karatasi au ngozi, lakini vumbi lenye kuzitoa likivutwa hadi mapafuni huharibu kwa karibu. Mionzi ya gama hupenya mwili, ikazuiwa na risasi nene au zege. Jambo la muhimu kuliko yote ni tofauti kati ya kupigwa na mionzi na kubeba kitu kinachotoa mionzi. Mbung'o wa Unguja walipigwa na mionzi, hawakuibeba. Aliyeumwa nao hakupata mionzi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa hospitalini. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imetumia kwa miaka mingi mashine za kobalti-60, ambayo viini vyake hutoa mionzi ya gama na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa. Wazee walisema dawa ya moto ni moto, na hapa msemo huo unasimama kwa maana yake halisi: mionzi inayoweza kuleta saratani inaelekezwa kwenye uvimbe, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu seli za saratani zinazogawanyika ovyo hushindwa kujikarabati kati ya dozi moja na nyingine, huku seli nzima zikipata nafasi ya kupumua. Mgonjwa anayetoka kwenye mashine ya namna hiyo hana mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mtoto wake jioni hiyo hiyo. Mgonjwa aliyemezeshwa iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo, yeye anayo kwa siku kadhaa na hana budi kujitenga na watoto. Familia isiyoelezwa hayo itamtenga wa kwanza bure na kumkumbatia wa pili kwa hatari. Tusisahau pia kwamba kukosa kiini cha atomu nako ni madhara: mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda ilipoharibika, wagonjwa wa nchi nzima walibaki bila huduma hiyo nyumbani hadi mashine mpya ilipofungwa, zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Sasa tuiweke Unguja upande mmoja na mji wa Goiânia, Brazili, upande wa pili. Septemba 1987 vijana wawili waliingia katika jengo lililotelekezwa la kliniki ya tiba ya mionzi, wakang'oa sehemu ya mashine wakitumaini kuuza chuma na risasi. Waliibeba kwa toroli, wakaitoboa nyumbani, kisha wakaiuza katika yadi ya vyuma chakavu. Usiku mwenye yadi aliona mwanga wa bluu ukitoka ndani ya kifaa. Akapendezwa nao, akakiingiza ndani ya nyumba yake, akawaita ndugu na majirani waje kutazama, akawagawia chembechembe za unga ule. Wapo waliojipaka mwilini kama pambo. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea sakafuni kisha akala chakula kwa mikono hiyo hiyo. Unga ule ulikuwa kesiamu-137. Mke wa mwenye yadi, alipoona watu wa nyumbani wakitapika mmoja baada ya mwingine, alifuatilia ugonjwa ulikoanzia, akagundua umeanza siku kile kifaa kilipofika. Alikitia katika mfuko, akakipeleka kwa basi hadi kwa madaktari, akawaambia kwamba hiki ndicho kinachowaua watu wake. Alisema kweli. Watu 4 walikufa, yeye na yule mtoto wakiwamo. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 110,000 walipangwa foleni kupimwa.

Tanga na Goiânia hazikutenganishwa na mionzi, maana kote ilikuwapo ya kutosha kuua. Zilitenganishwa na ujuzi: pale kila aliyegusa kifaa alijua anagusa nini, hapa hakuna aliyejua. Wanaosema kwamba hofu ya wananchi inatosha kuwa ngao yao waitafakari habari hii vizuri. Wakati ule Hiroshima ilikuwa na miaka 42, na Chernobyl haijatimiza miaka miwili. Nani hakuwa amesikia maovu ya nyuklia? Lakini hofu hushika jina, haishiki kitu. Watu wa yadi ile wangekimbia kama wangeambiwa kuna bomu, ila hapakuwa na bomu, palikuwa na unga mzuri unaong'aa gizani, nao wakaupeleka vitandani. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na katika giza lile hofu haikuwaonyesha njia. Biashara ya vyuma chakavu imejaa katika miji yetu, kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Je, ni wangapi kati ya vijana wanaosukuma mikokoteni ya chuma wameonyeshwa ile alama ya mapanga matatu meusi kwenye rangi ya njano, na kuambiwa kwamba chuma chenye alama hiyo hakiguswi?

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, nalo sitaki kulipita juu juu. Wapo wanaosema kwamba Afrika imekwisha kuonja kiini cha atomu, na ladha yake ni ya kunyonywa. Wana haki. Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, Kongo, nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu popote duniani, na mwaka 1940 kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, ambako jeshi la Marekani liliyanunua mwaka 1942. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliozaa bomu la Hiroshima ilitoka huko. Bomu lenyewe lilibeba kilo 64 hivi za urani iliyorutubishwa. Katika hizo, viini vilivyopasuka havikufikia kilo 1, navyo vikatosha kuua watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 kabla mwaka 1945 haujaisha. Wachimbaji wa Katanga walivuta vumbi la mawe yale, na mradi ulikuwa wa siri kiasi kwamba hawakuwa na njia ya kujua jasho lao linakwenda kufanya nini. Lakini hebu tuulize dhuluma ile ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya ukoloni, naam, na ukoloni ule uliishi kwa kumficha mchimbaji maana ya jiwe alilolishika. Basi anayekasirishwa na Shinkolobwe, kama ninavyokasirika mimi, adai kwanza kwamba safari hii mwenye ardhi ajue.

Chernobyl nayo inaelekeza huko huko. Kinu chake cha nyuklia kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, wakazi wa mji jirani wa Pripyat waliachwa zaidi ya siku nzima bila kuhamishwa. Katika wiki zilizofuata, watoto wa vijijini waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa majani yenye iodini-131. Iodini hukimbilia kwenye tezi ya shingo, na viini vyake hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo kujizuia na maziwa hayo kwa miezi michache tu kungewaokoa wengi. Hawakuambiwa. Maelfu kati ya waliokuwa watoto wakati ule walipata saratani ya tezi hiyo. Nchini Poland, serikali iliwagawia watoto wapatao milioni 10 dawa ya iodini salama ndani ya siku chache, tezi zao zikajaa iodini njema na kukosa nafasi ya ile mbaya. Wingu lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni nani aliambiwa nini, na lini.

Wengine watajibu kwamba haya ni mambo ya wataalamu, na kwamba Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki na Kenya ina mamlaka yake, tuwaachie. Wataalamu tunawahitaji, na kazi yao ya kupima na kukagua haina mbadala. Ila mtaalamu hayupo yadini usiku, wala hayupo kisimani asubuhi. Goiânia, aliyegundua chanzo cha maradhi alikuwa mama wa nyumbani aliyetumia akili yake bila msaada wa kifaa chochote, na angegundua siku kadhaa mapema kama angekuwa ameelezwa mambo mawili matatu shuleni. Tena wataalamu huwajibika zaidi wanapoulizwa na watu wanaojua cha kuuliza. Mkutano wa kijiji ambamo mwananchi anauliza kama mradi utaleta ajira ni mwepesi kuuendesha. Mkutano ambamo anauliza radoni, ile gesi yenye mionzi itokayo kwenye urani, itapimwa mara ngapi na majibu yatabandikwa wapi ni mgumu, na huo ndio unaomlinda.

Wapo pia wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu hii. Makala hii imeibeba kwa kadiri yake, na msomaji ni shahidi. Maneno kama protoni, kobalti na iodini yamepokewa katika lugha yetu kama zilivyopokewa shule na hospitali, na neno kiini hatukuliazima kwa mtu. Tatizo liko katika mazoea. Mtoto wa Tanzania husoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari akaanza upya kwa Kiingereza, na wengi hukariri fasili ya kiini kwa lugha wasiyoiota usiku. Kisha mtoto huyo huyo, akiwa mtu mzima, anaitwa kwenye mkutano wa hadhara kutoa maoni kuhusu mradi wa urani. Rutherford aliazima neno la mbegu iliyomo ndani ya kokwa, na neno hilo la jikoni likageuka kuwa la elimu kwa sababu lilitumiwa na kufafanuliwa. Letu nalo litakomaa kwa njia hiyo hiyo.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wapinzani wa miradi yenyewe: kwamba kampeni ya elimu itageuzwa kuwa tangazo la wauzaji wa vinu. Hatari hiyo ipo. Lakini elimu ya kweli haina upande, na mara nyingi humkaba muuzaji. Chukua Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ambako mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la mgodi wa urani litoke ndani ya hifadhi. Anayejua kiini hatatishwa na hadithi kwamba mgodi utalipuka kama bomu, maana urani ya ardhini haiwezi kulipuka hivyo. Atauliza jambo zito zaidi: mawe yakishasagwa na urani kutolewa, mabaki hubaki na sehemu kubwa ya mionzi ya awali, ikiwamo ya radiamu ambayo viini vyake huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Yatafunikwa kwa nini, na nani atakagua kifuniko kampuni ikishaondoka? Vivyo hivyo Uyombo, Kilifi, ambako mwaka 2024 wakazi walijitokeza kupinga mpango wa kujenga kinu. Swali la mafuta ya nyuklia yaliyotumika yangekaa wapi, na la maji ya moto ambayo yangerudishwa baharini wanakovua, ni maswali yanayostahili majibu ya maandishi kwa lugha ya wavuvi, wala haifai kuyaita ujinga.

Kinachohitajika si kikubwa. Kila tathmini ya mazingira inayohusu urani au kinu itolewe kwa Kiswahili kamili, isomwe kwenye mikutano ya vijiji na redioni kabla ya kibali, na vipimo vya maji na hewa vibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kama vinavyobandikwa matokeo ya uchaguzi. Alama ya mionzi ifundishwe darasani na katika kila yadi ya vyuma chakavu. Hospitali zinazotoa tiba ya mionzi ziwape wagonjwa na ndugu zao maelezo mafupi ya maandishi: nani anabeba mionzi, nani habebi, kwa siku ngapi. Gharama ya haya yote ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya mgodi au kinu.

Kiinimacho hufanikiwa mtazamaji asipojua mkono wa mchezaji uko wapi. Kwa muda mrefu kiini cha atomu kimechezwa mbele yetu hivyo, kwanza Katanga, na sasa katika makaratasi yasiyosomeka na wale yanayowahusu. Yule mama wa Goiânia alikiweka kifaa mbele ya madaktari akijua kwamba kinaua, bila kuwa na neno la kukiita. Sisi neno tunalo. Kilichobaki ni kulifundisha, ili siku mfuko kama ule utakapookotwa Ubungo au Likoni, mtu wa kwanza kuuona ajue kuuacha ulipo na kuwaita wahusika.